Baada ya Cheo, Shamba



Asubuhi hii tumtazame Mizengo Pinda, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 2008 hadi 2015, na hakuona haya kujiita mtoto wa mkulima. Alipoacha cheo hakuliacha jembe: huko Zuzu, karibu na Dodoma, analima na kufuga nyuki, na watu huenda kujifunza kwake.

Nyuki wana somo kwetu. Mara nyingi mrina asali wa zamani aliangusha mti na kuwaunguza nyuki kwa moto. Alipata asali mara moja tu. Mzinga wa kisasa una fremu za mbao. Mfugaji hupuliza moshi kidogo, huinua fremu, hukamua asali katika mashine ya kuzungusha, kisha hurudisha masega yakiwa mazima. Nyuki hubaki, mti hubaki, na maua ya shamba huchavushwa.

Somo lenyewe ni kuvuna bila kuharibu. Sisi wa Salamabila, huku Maniema, Kongo, tumezoea kutazama dhahabu ya mgodi wa Namoya. Lakini dhahabu ikichimbwa haioti tena. Mpunga, muhogo na karanga huota kila msimu, udongo ukitunzwa.

Ninyi mliowahi kuwa wabunge, mawaziri au wakubwa wa sekta, ujuzi na majina yenu bado vina kazi. Kama Pinda, rudini kijijini, limeni kwa maarifa, wafundisheni vijana. Uongozi wa namna hiyo hauhitaji kura.