Kisu Kwenye Kope: Tiba au Pambo?

Sifa zote njema ni za Allah, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

 Nimeulizwa zaidi ya mara moja: je, inafaa Muislamu apasuliwe kope ili macho yake yapendeze zaidi?

Kwanza tujue linalofanyika. Daktari hutia ganzi, hukata ngozi ya kope, pengine na mafuta yaliyo chini yake, kisha hushona. Nyuzi hutolewa baada ya takriban wiki moja. Macho huvimba na kuvilia damu kwa wiki moja au mbili. Wapo wanaobaki na macho makavu, au kope zisizofumba sawasawa. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho, mtu akapofuka. Aliye mzima anahatarisha neema ya kuona ili asifiwe kwenye picha ya simu!

Ama sheria, Suratun-Nisaa aya ya 119 inatuonya kuwa Ibilisi aliahidi kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Mas'ud (r.a.) laana kwa wanaojichonga mwanya kutafuta uzuri. Lakini wanazuoni wameitenga tiba. Arfaja (r.a.) alikatwa pua vitani siku ya Kulab. Akaweka ya fedha, ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Kwetu Burundi mfano upo. Mimi ni mtoto wa Nyamugari, na nimewaona wazee wakijing'oa nywele za kope kwa kibanio, nazo zikiota tena. Trakoma ikimrudia mtu mara kwa mara, kovu huvuta kope ndani, nywele zikakwaruza jicho kila anapopepesa, hadi upofu. Operesheni ndogo ya kuigeuza kope humwokoa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Burundi imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Hata hivyo, kovu la zamani bado linaweza kumgeuza mzee kope.

Basi, ndugu yangu, likizo hii ukifika kilimani kwenu, mtazame bibi na babu machoni. Ukiona nywele zimeelekea ndani, au kope imelegea ikaziba kuona, mpeleke kwa daktari wa macho. Akishapasuliwa, mfundishe: aoshe viungo vizima, na kwa pale pasipofaa maji aulize sheikh wake namna ya kutayamamu. Swala haimwachi.

Nawe uliye mzima, nauli uliyoiweka kwa ajili ya kope zako, mpelekee yeye.

Allah atuhifadhie macho yetu, na atujaalie kuridhika na alichotuumbia. Amin. Wabillahi tawfiq.