Chakula Kwanza, Maneno Baadaye

Masomo: 1 Wafalme 19:1-18; Yakobo 1:19-20



Katika kila mtaa yako mazungumzo ambayo watu huyaogopa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanagombea mpaka wa shamba ambao marehemu baba yao hakuuonyesha. Mama anataka kumwuliza binti yake habari aliyoisikia kwa majirani. Mzee wa kanisa ametumwa kwa mhazini kuuliza juu ya hesabu za sadaka. Mazungumzo ya namna hii yakiharibika, nyumba hugawanyika, na watu walioimba pamoja kwa miaka mingi hawasalimiani tena mlangoni pa kanisa.

Tumtazame nabii Eliya. Yezebeli ameapa kumwua, naye amekimbia hadi jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Moyoni mwake ana neno moja: kwamba amebaki peke yake. Neno hilo si kweli. Mungu anajua kwamba wako watu elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Lakini je, Mungu alimwambia hivyo pale chini ya mti? Hakumwambia. Alimwacha alale. Akamtuma malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya safari ya siku arobaini, huko Horebu, Mungu alianza kwa swali, akamsikiliza hadi mwisho. Akauliza swali lile lile tena, akasikiliza jibu lile lile tena. Ndipo akampa kazi ya kufanya, na mwisho kabisa akamjulisha habari za wale elfu saba. Marekebisho yalikuwa tayari tangu siku ya kwanza, lakini Mungu aliyaweka hadi mtu wake alipoweza kuyapokea.

Elimu ya ubongo inatusaidia kuona hekima iliyomo katika jambo hili. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Mojawapo ya kazi zake ni kutambua hatari upesi, hata kabla hatujafikiri. Ikipiga mbiu, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia: adrenalini huingia katika damu, moyo hupiga mbio, misuli hukaza. Maandalizi hayo ni zawadi ya Mungu kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani. Shida ni kwamba mwili hufanya vivyo hivyo mtu anapoambiwa mbele ya wenzake kwamba ni mwongo. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutusaidia kupima maneno na kuzuia ulimi, hufanya kazi yake kwa shida. Mtu huyo anasikia sauti, lakini maana haimwingii. Wahenga hawakuwa na mashine za kupima ubongo, lakini walisema: hasira, hasara.

Huko Marekani, mwanasaikolojia John Gottman alichunguza mume na mke wakizungumza juu ya jambo linalowatenga, huku vyombo vikihesabu mapigo ya mioyo yao. Anafundisha kwamba mapigo yakizidi 100 kwa dakika, kusikilizana huwa kugumu sana, na kwamba inafaa kupumzika angalau dakika 20 kabla ya kuendelea. Lakini mapumziko hayo yasiwe nafasi ya kunoa maneno makali zaidi. Anayekwenda uani na kurudia matusi aliyotukanwa hajapumzika. Amebeba ugomvi kwenda nao.

Jambo la pili linahusu kuyataja yaliyomo moyoni. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walitangaza uchunguzi wao. Watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, kazi ya amigdala ilipungua, na sehemu moja ya mbele ya ubongo ikaongeza kazi yake. Basi, kusema kwa utulivu, "Ndugu yangu, naona jambo hili limekuumiza," si maneno ya kupoteza wakati. Hata kusema, "Nina hofu kuzungumza nawe habari hii," kwaweza kufungua mlango ambao shutuma ingeufunga. Eliya naye alipewa nafasi ya kuyasema yake mara mbili.

Lakini tuangalie tusiifanye elimu hii kuwa kichaka cha kujificha. Asiwepo wa kusema, "Ni ubongo wangu ulionituma kumtukana mke wangu." Aliyetupa amigdala ametupa pia paji la uso na kilicho nyuma yake, na Yakobo anatuagiza tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema, kwa sababu jambo hilo linawezekana kwa neema. Wala kungoja kusigeuke kuwa kununa. Mtume Paulo, katika Waefeso 4:26, anatuonya tusiache jua lichwe tukiwa na uchungu. Kwa hiyo anayeomba kupumzika na aseme lini atarudi: "Tunywe chai kwanza, tuzungumze baada ya sala ya jioni." Kisha arudi kweli. Asiyerudi amemwacha mwenzake jangwani bila mkate.

Na ikiwa mwenzako hataki kupatana? Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamwagiza kasisi asiwakaribishe Meza ya Bwana watu ambao chuki inatawala kati yao, mpaka ajue wamepatana. Lakini kinaongeza kwamba mmoja akiwa tayari kusamehe kwa moyo na kutengeneza alipokosa, na mwingine akashikilia ukaidi, yule aliye tayari akaribishwe. Kanisa halimdai mtu moyo wa mwenzake. Linamdai moyo wake mwenyewe.

Basi, kabla ya Jumapili ya Ushirika Mtakatifu ijayo, kila mmoja wetu na amkumbuke mtu mmoja ambaye mazungumzo naye yamekwama. Tusiende kwake akiwa na njaa, wala mbele ya watu, wala sisi wenyewe tukiwa tunatetemeka. Tumwombee kwanza. Tuanze kwa swali, tusikilize jibu hadi mwisho, hata likija mara mbili. Ukweli tulio nao hautaoza kwa kungoja hadi jioni.

Ee Mungu, uliyemlisha mtumishi wako kabla ya kumrekebisha, tuliza mapigo ya mioyo yetu, linda ndimi zetu, na utupe masikio ya kuwasikia ndugu zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.