Nimesamehe, na Kortini Nitaenda

Andiko: Warumi 12:17 hadi 13:4, Luka 23:39–43

Jumapili iliyopita nilipanda madhabahuni nikiwa na deni. Wale hamkuwepo, lisomeni hapa.

Kuna mama kati yetu ambaye kijana wake aliuawa kwa panga akitoka kazini usiku. Amenipa ruhusa niseme, lakini jina tuliache. Mshukiwa alishikwa. Ni kijana wa mtaa huu huu, na mama yake tunamjua, wengi wetu tunanunua mboga kwake. Wiki ya tatu baada ya mazishi, wazee wa familia ya mshukiwa walifika kwa mama aliyefiwa wakiwa na bahasha. Wakaketi, wakaomba vizuri kabisa, kisha wakamwambia: wewe umeokoka, na aliyeokoka husamehe, kwa hivyo usiende kutoa ushahidi.

Mama akaja kwangu kuuliza afanye nini. Nami, wapendwa, nikamjibu mbio mbio kama mtu aliye na mkutano mwingine: "Mama, samehe, muachie Mungu." Akaniangalia. Akasema, "Pasta, kusamehe nilianza kabla hata hatujamzika. Nilikuwa nauliza juu ya korti."

Sikuwa na jibu. Na hilo ndilo deni.

Ile ya kusamehe kabla ya mazishi nilikuja kuielewa baadaye. Usiku ule kijana alipopatikana ameuawa, vijana wa mtaa walikusanya petroli waende kuchoma nyumba ya mshukiwa. Ni huyu mama alitoka, leso kiunoni, hajavaa hata viatu, akasimama njiani akawaambia hakuna kiberiti kitakachowashwa kwa jina la mwanawe. Wakarudi. Ndani ya ile nyumba kulikuwa na watoto wamelala. Sasa mimi, ambaye usiku huo nilikuwa kitandani, ndiye namfundisha huyu mama kusamehe?

Tuingie kwa Neno. Sisi watu wa kanisa tunapenda sana kufunga Biblia pale Warumi 12 inapoisha. Usilipize, mpe nafasi Mungu aonyeshe hasira yake, adui akiwa na njaa mlishe. Amina, tunafunga. Lakini Paulo aliandika barua, na barua haikuwa na sura. Hizo sura ziliwekwa karne nyingi baadaye ili tupate mahali haraka. Soma bila kusimama. Kile anachomnyang'anya mtu binafsi mwisho wa sura ya 12, yaani kulipiza, sura ya 13 anakiweka mkononi mwa mwenye mamlaka, na anamwita huyo mtumishi wa Mungu, tena mwenye upanga. Umeona? "Muachie Mungu" haimaanishi jambo linapotelea hewani. Njia mojawapo ambayo Mungu hupitia ni hakimu aliyeketi kortini, na hakimu hawezi kuamua bila shahidi. Mama akinyamaza, hajamwachia Mungu. Amemwachia yule mwenye bahasha.

Najua mtasema, Pasta, serikali gani hiyo? Ni swali la haki. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God, wengi wao akina mama na watoto, walichomewa ndani. Kanisa la Kipentekosti kama letu. Watu wanne walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu kule Nakuru ikawaachilia kwa sababu ushahidi haukutosha, na jaji akalaumu namna uchunguzi ulivyofanywa. Mimi simlaumu jaji. Kumfunga mtu bila ushahidi ni dhambi nyingine juu ya ile ya kwanza. Lakini waliofiwa pale wameambiwa mara ngapi wasamehe, wasahau, nchi isonge mbele? Tunawadai msamaha watu ambao hata hawajaambiwa wamsamehe nani.

Kwa hivyo usimwambie mtu kwamba kutafuta haki ni kukosa imani. Bwana Yesu alipotaka kutufundisha kuomba bila kuchoka, Luka 18, alimchukua mjane anayemsumbua hakimu mbaya. Hakuomba gari wala nyumba. Aliomba haki yake. Na Ufunuo 6, wale waliouawa kwa ajili ya Neno wako chini ya madhabahu, mbinguni kabisa, na bado wanauliza Mungu atakawia hadi lini kuitetea damu yao. Hawakemewi. Wanapewa mavazi meupe na kuambiwa wangoje kidogo. Kama watakatifu wa mbinguni bado wanauliza, wewe mama wa miezi minne usiogope kuuliza.

Nakuja kwa yule mwizi msalabani, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliposhikwa. Anamwambia mwenzake kwamba wao wanapata walichostahili. Halafu anamwomba Yesu amkumbuke. Anasamehewa siku hiyo hiyo, anaahidiwa Paradiso. Sasa niambie, je, Yesu alimteremsha? Hapana. Alisamehewa akiwa bado ametundikwa, na akafia pale. Wale wazee walioleta bahasha wanatudai msamaha ambao hata Kalvari haukutolewa, msamaha wa kung'oa misumari kabla mtu hajakiri lolote.

Na tafadhali, yule kijana bado ni mshukiwa. Huenda si yeye. Hiyo pia ni sababu ya kwenda kortini, maana bahasha haiwezi kumsafisha mtu asiye na hatia, inamwachia tu jina la muuaji maisha yake yote.

Kuna jambo wengi hamlijui. Kesi ya mauaji si ya mama, ni ya Jamhuri, ndiyo maana huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Lakini tangu sheria ya kulinda waathiriwa ya mwaka 2014, aliyeumizwa ana haki ya kusikizwa. Mtu akipatikana na hatia, familia ya marehemu inaweza kumweleza jaji kabla ya hukumu yale yaliyoipata. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji. Kwa hivyo mama anaweza kusimama pale aseme ukweli wote, alie akitaka, na baada ya hayo aombe huruma. Au asiombe. Hiyo ni kati yake na Bwana, na mtu yeyote asimharakishe, hata mimi.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baada ya ibada, "Kwa hivyo mtu akifungwa maisha tushangilie?" La, mzee wangu. Akifungwa, sisi ndio tutakaompelekea sabuni na Biblia gerezani. Kama hatuko tayari kwa hilo, basi tulichokuwa tukitafuta ni damu, na haki tulikuwa tumeifanya kifuniko tu.

Mama nimemwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, wewe ni rahisi, wewe hukuua mtu." Tukacheka, halafu akalia, nami nikakosa maneno tena, lakini safari hii sikutafuta.

Bado kuna jambo moja, na hapa nitasema wazi. Nimesikia baadhi yenu mmeacha kununua mboga kwa yule mama mwingine. Mboga zinamnyaukia. Yeye hakushika panga. Kesho rudini mkanunue, na msiombe kupunguziwa bei.

Kesi inasikizwa Jumanne. Gari litatoka kanisani saa moja asubuhi, viti ni kumi na vinne. Akina mama mlioahidi kuandamana naye, fikeni mapema. Kiti kimoja nyuma kisikaliwe na mtu. Mama aliyefiwa amesema ni cha mama wa yule kijana, akipenda kuja.