Dhahabu ya Kakamega na Mali ya Yatima

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu Chake tutembee katika ardhi tuutazame mwisho wa waliotutangulia. Basi likizo iliyopita sisi na vijana wa darsa yetu ya Pumwani, Nairobi, tulisafiri mpaka Kakamega, tukalala mahemani siku tatu karibu na Rosterman, palipokuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu.

Dhahabu ilionekana huko mwaka 1931, watu wakamiminika. Mwaka mmoja kabla yake, 1930, serikali ya Waingereza ilikuwa imewaandikia wenyeji sheria ya kuwa ardhi zao ni zao milele. Ilipong'aa dhahabu, Desemba 1932, sheria ikageuzwa: ardhi ikaweza kutwaliwa na wenyewe wakapewa fedha, pasipo ardhi nyingine badala yake. Milele hiyo haikutimia miaka 3! Mgodi nao ulifungwa 1952. Hata leo wako wachimbao vishimo kwa sururu na kuikamata dhahabu kwa zebaki, na mara nyingine shimo huwafukia.

Hapo tuliwasomesha vijana hukumu ya madini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dhahabu ya mgodi ikifika nisabu, nayo ni mithkali 20, hutolewa zaka papo hapo sehemu moja katika 40, wala haingojwi mwaka. Walifahamu upesi, nasi tukajiona tumesomesha vyema.

Usiku wa pili, baada ya Isha, kijana mmoja yatima akatuuliza kwa adabu, "Sheikh, shimo alilotia ami fedha za marehemu baba ni lipi katika haya?"

Tulikosa la kusema. Hati ya shirika ile tuliishuhudia sisi. Ami yake alituuliza kama shirika ya kuchimba yajuzu, tukajibu yajuzu, tukatia sahihi, tukanywa kahawa yake. Hatukuuliza mali ni ya nani, na hali twajua kuwa msimamizi wa yatima hana ruhusa kuitupa mali yake penye hatari. Wala hatuna udhuru wa ujinga: aya ya wanaokula mali ya yatima, kwamba wanakula moto matumboni mwao, tumeifasiri msikitini mara nyingi.

Tulimwomba kijana radhi mbele ya wenziwe, na haya twayaandika kwa idhini yake. Tuliporejea Pumwani tukamwita ami yake, tukapatana alipe nusu nasi nusu, kila mwezi. Fungu la kwanza tumekwisha kulipeleka. Mama wa kijana alilihesabu mbele yetu, noti moja moja.