Kwa Hii Picha, Nani Amechezwa?

Jumapili mchana pale KICC huwezi kukosa mzazi amelala kifudifudi chini, simu karibu iguse sakafu, akipiga kelele: "Inua mkono! Si huo, ule mwingine!" Mtoto amesimama hatua mbili mbele ya simu, jengo liko mbali nyuma yake. Lina urefu wa mita 105, lakini kamera haijali. Kilicho karibu inakikuza, cha mbali inakipunguza. Kiganja kikipanda kidogo tu, mtoi amebeba mnara mzima kama koni ya aiskrimu. (Ipige jua likiwa limewaka. Kukiwa giza, picha inaweza kutoka na ukungu, na mchezo umeisha.)

Hiyo picha ni uongo? Mimi nasema hapana, na si kwa sababu inachekesha. Zamani wapiga picha wa Likoni, Mombasa, walikuwa wanakusimamisha mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege. Aliyelipa alijua hajapanda ndege. Aliyetumiwa ile picha kijijini pengine alijua pia. Hila ilikuwa ya mteja mwenyewe, mpiga picha alimsaidia tu. Mtoto wa KICC akionyeshwa picha na acheke, akisema "tena, sasa nikanyage!", yuko upande huo. Yeye na mzazi wake wanatucheza sisi.

Sasa chukua ule mzaha uliozunguka mitandaoni miaka kadhaa iliyopita. Familia inamfunika mtoto kwa shuka, inatamka maneno ya uchawi, halafu shuka likitoka kila mtu anajifanya hamwoni. Ushahidi ni picha: wanapiga moja mapema, kiti kikiwa kitupu, kisha wanamwonyesha kana kwamba imepigwa sasa hivi. Mtoto anaangalia simu, hajioni. Anaita mama, mama anaangalia ukuta. Analia, na kuna simu nyingine inarekodi hicho kilio.

Ujuzi ni uleule, hata ule wa KICC ni mgumu zaidi. Lakini hapa hila ina mtu mmoja tu asiyeijua, na huyo ndiye mwenye uso kwenye video. Utaniambia alibembelezwa baadaye, amesahau. Labda. Ila mtoto wa miaka minne hana njia nyingine ya kujua kama yupo, zaidi ya mama kumgeukia akiita. Hicho ndicho kilichochezewa, tena na mtu pekee ambaye hakuwa na sababu ya kumshuku.

Mtoto mchanga ananisumbua zaidi. Wazazi wanamlaza kwenye shuka jeusi, wanapanga soksi nyeupe ziwe nyota, wanapiga kutoka juu, na mtoto anaelea angani. Hajui lolote, hajadanganywa lolote. Hapo sina ugomvi na hila, bora ibaki kwa simu ya shosho. Ugomvi unaanza ikienda kwa watu elfu tatu.

Na hapo sheria yetu inafanya kitu cha ajabu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka ruhusa ya mzazi au mlezi, na maslahi ya mtoto yalindwe. Sawa kabisa. Lakini sheria hiyohiyo haishughuliki na mambo binafsi ya nyumbani. Na hata pale inapohusika, anayeombwa ruhusa ni mzazi. Mlinzi wa geti ndiye huyu ameshika kamera. Picha ileile shule ikiiposti bila kuuliza ni kosa. Baba akiiposti, anaitikiwa kwa makopakopa.

Juzi kwenye matatu ya Kangemi nilisikia kasichana, kama miaka saba hivi, kakimwambia mamake, "Hiyo usiweke statasi." Mama akacheka. Sikuona alibonyeza nini.