Mganga Hajigangi

Wahenga waliponena kuwa mganga hajigangi, walimkumbusha mjuzi mipaka yake. Lakini ndani ya methali hiyo mna swali jingine: basi ni nani amgange? Korona ilipoingia Kenya, Machi 2020, swali hilo lilihamia wodini.

Tarehe 7 Desemba mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo. Madaktari, kupitia chama chao cha KMPDU, wakafuata tarehe 21. Miongoni mwa madai yao yalikuwamo vifaa bora vya kujikinga na bima ya afya.

Je, ni halali aliyekula kiapo cha kuponya kususia kazi na hali watu wanakufa? Swali hili si la kubezwa. Mgomo wa hospitali za umma haumuumizi tajiri, ambaye milango ya hospitali za binafsi i wazi kwake. Humuumiza mama mjamzito asiye hata na nauli. Chama kisahaucho hilo hakistahiki kuitwa mtetezi wa wanyonge.

Hata hivyo, kiapo humfunga mganga ajitolee. Hakimruhusu mwajiri kumtoa kafara. Mwenye kujitolea hutoa kilicho chake, bali atolewaye hunyang'anywa. Na tabibu asiye na kinga haangamii peke yake: huweza kuyachukua maradhi kutoka kitanda hadi kitanda, hata kwa wanawe nyumbani. Kumkinga yeye ni sehemu ya kumtibu mgonjwa.

Wala muuguzi mmoja hawezi kuikataa barakoa mbovu asiambiwe ana kiburi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, ikampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani nalo likaingiza usalama na afya katika haki za msingi kazini.

Kwa hiyo tukiitafuta dhambi ya mgomo, tusianze kuhesabu siku kazi iliposusiwa. Tuanze miezi ile tisa ya nyuma. Anayelisikia dai likisemwa kwa upole akanyamaza, hana haki ya kushangaa likisemwa kwa ukali. Kumwita mganga shujaa ni rahisi, wala hakumkingi na maradhi. Kumganga ni deni letu, nalo hulipwa kabla hajaugua.