Uasilia wa Chombo

Wilayani Kishapu watu wamezoea kuuliza kama kitu ni halisi. Tangu almasi ilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, neno hilo limekuwa na bei, kama lilivyo na bei kwa dhahabu huko Geita. Kwa jiwe swali ni jepesi: ama ni almasi, ama siyo, maumbile yamekwisha kuamua kabla mtu hajaliokota. Je, chombo kilichotengenezwa na binadamu, kikatumika, kikavunjika na kutengenezwa tena, nacho twaweza kukiuliza vivyo hivyo? Tuichukue bunduki iwe mfano wetu, kwani ni vyombo vichache vinavyochunguzwa viungo vyake kwa ukali kama hicho.

Mwenye kuchunguza bunduki ya kale, iwe ya vita au ya kulengea shabaha, huanza na namba. Askari wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki waliingia vitani mwaka 1914, wengi wao wakiwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ambayo moshi wa baruti yake ulimwonyesha adui mahali walipojificha. Katika Mauser za namna hiyo namba ilipigwa kwenye mtutu na kwenye chuma kinachoushika, na tarakimu zake za mwisho zikarudiwa hata kwenye skrubu ndogo. Basi mchunguzi hulinganisha namba kwa namba. Ikiwa bunduki ni ya Kiingereza, hutafuta alama za majaribio zilizopigwa Birmingham au London. Hutazama kama uchakavu wa mti unalingana na ule wa chuma, na kama vichwa vya skrubu vimekwaruzwa na bisibisi. Vyote vikipatana, husema bunduki ni kamili kama ilivyotoka kiwandani.

Lakini kupatana huko mara nyingi ni dalili kwamba bunduki haikutumika sana. Mpiga shabaha hodari huumaliza mtutu kwa wingi wa risasi zake, naye huubadilisha ili aendelee kulenga sawasawa. Kipimo hiki, basi, chamheshimu aliyeifungia bunduki sandukuni kuliko aliyeifanyia kazi yake. Sisi twaona hapo pana kasoro.

Tuitazame gobori, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, iliyoletwa bara kwa misafara ya karne ya 19. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia silaha mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, bunduki hizi za zamani ziliruhusiwa kwa masharti, na mafundi wetu wakazidumisha: kitako kilipooza, walichonga kingine, mtambo ulipokatika, mhunzi aliufua. Mnunuzi wa vitu vya kale akiipima kwa namba ataiita takataka. Kwetu sisi, viungo vile vilivyobadilishwa ndiyo sehemu ya historia iliyo yetu. Mtutu ulikuwa wa wageni tangu mwanzo.

Warongo wa pande za Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyofika Usukumani kwa biashara. Mpini wa jembe huisha upesi, na hapana mkulima ambaye angekubali kuambiwa kwamba jembe la baba yake si lile tena kwa sababu ya mpini. Wayunani nao walijiuliza hayo. Plutarch aeleza jinsi Waathene walivyobadilisha mbao zilizooza za merikebu ya Theseus, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni ile ile, wale wakikana. Sheria haiwezi kungoja mabishano hayo yaishe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 yataka silaha ndogo zipigwe alama ili zitambulike. Machoni pa sheria, bunduki ipo pale ilipo namba yake. Ni uamuzi wa lazima kwa usalama wa wananchi, lakini haukukusudiwa kupima urithi.

Uongo, basi, waanzia wapi? Hauanzii katika kubadilisha. Fundi aliyechonga kitako kipya hakumdanganya mtu. Kazi yake yaonekana. Uongo huanza pale mtu anapochukua kiungo kigeni na kukipiga namba ya zamani, ili kishuhudie kwamba kilizaliwa pamoja na vingine. Chuma ni kile kile, na pengine ufundi wake ni bora zaidi; kilichoharibika ni ushahidi. Mwanafunzi aweza kutupinga: je, fundi aliyerudishia kiungo kwa ustadi mno, bila nia mbaya, naye ana lawama mnunuzi wa tatu akidanganyika? Twasema anayo, ikiwa hakuacha alama wala maandishi ya kazi yake. Nia njema haimfikii mtu asiyemjua fundi.

Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, kazi yake ilikuwa kufufua tulivyofundishwa kuvidharau. Tangu hapo wapo wanaotaka kila kitu kiwe cha asili, wakaikataa ngoma kwa kuwa ngozi yake ni mpya, kana kwamba ngozi ya kwanza ingeweza kupigwa miaka 100. Mwalimu akikuta gobori iliyoandikishwa kisheria, na awafundishe wanafunzi kuiandikia daftari: mtutu kutoka Ulaya; kitako cha mninga, kimechongwa kijijini; mtambo umeungwa mara mbili; jina la mhunzi, kama mzee wa nyumba angali analikumbuka.